Kwa nini The Flame in the Flood haukuruhusu kukaa kisiwani?

#1 KafiLaKushoto
Wanajukwaa, salamu. Nina hoja kuhusu The Flame in the Flood, ule mchezo wa video wa msichana Scout na mbwa wake wanaoteremka mto juu ya chelezo, katika Marekani iliyomezwa na mafuriko na kubakiwa na watu wachache mno. Wengi huuita mchezo wa kunusurika. Mimi naona ni mchezo wa kufukuzwa, kwa sababu hakuna kisiwa hata kimoja kinachokubali kukutunza. Unafunga chelezo penye kanisa bovu, unaokota mahindi na vipande vya kitambaa, unawasha moto, na kabla nguo hazijakauka kipimo cha njaa kimeshaanza kukutisha. Scout hula kama mtu ambaye tumbo lake lina tundu. Swali langu ni hili: je, kasi hiyo ya njaa ni kosa la hesabu la waundaji, au imewekwa makusudi? Na kama ni makusudi, kusudi lenyewe ni lipi? Ninaomba tujadili mchezo wenyewe. Wanaotafuta bei nafuu wana uzi wao.

#2 MchezajiWaKayole
Ni makusudi, ndugu Kafi. Njaa ndiyo injini ya chelezo. Mtoni hakuna adui anayekufuata nyuma, kwa hiyo lazima pawepo kitu cha kukuondoa penye moto, la sivyo kila mchezaji angejenga kambi kwenye kisiwa cha kwanza, awe anatega sungura hadi uzee. Hapo pasingekuwa na mchezo.

#3 FundiLuthuli
Ninaheshimu jibu la #2, lakini nadhani mnalilaumu tumbo kwa kosa la mkoba. Tazameni jinsi vitu vinavyobebwa: mkoba wa Scout ni mdogo, wa mbwa ni mdogo zaidi, na chelezo nacho kina nafasi za kuhesabu. Unachuma majani marefu ya kandokando ya maji, unayasokota yawe kamba, kamba hiyo pamoja na mti mwembamba inakuwa mtego, mtego unakupa sungura, sungura anakupa nyama na ngozi, na ngozi ndiyo nguo ya baridi. Kila hatua inadai nafasi yake mkobani. Ukiwa na mahali pa kuweka akiba ya nyama iliyokaushwa, njaa ile ile isingekusumbua hata kidogo. Kwa hiyo kinachokufukuza kisiwani ni kukosa ghala. Mimi huanza kutupa vitu kabla sijaondoka, na kila mara ninachokitupa ndicho ninachokihitaji kwenye gati linalofuata.

#4 MshonaMsimbo
Maelezo yangu ni ya kifundi, nanyi mtanisamehe kwa ukavu wake. Mto huu haukuchorwa kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Programu huupanga upya kila unapoanza safari: maeneo hufuatana kwa utaratibu, ila visiwa, mawe na mabaki ya nyumba hubadilishwa mahali. Mchezo wa namna hii hugharimika sana ukimruhusu mchezaji azunguke atakavyo, kwa kuwa unalazimika kukumbuka kila kisiwa alichokigusa, kila kichaka alichokivuna na kila mnyama aliyemuua. Mto wa kwenda upande mmoja huondoa mzigo huo. Kilichopita kimepita, na kumbukumbu ya mashine inabaki kwa yaliyo mbele. Mimi nasema kwanza walichagua mto kwa sababu hiyo, kisha wakatafuta njaa ya kuuhalalisha.

#5 MwalimuWaJiografia
Ndugu Mshona, umepanga sababu kinyumenyume bila ushahidi. Waundaji walitangaza wazo la mto tangu walipokuwa wakichangisha fedha kwa umma kupitia Kickstarter mwaka 2014, walipoomba dola 150,000 wakapata zaidi ya 250,000. Waliochanga walivutiwa na safari ya mtoni yenyewe. Sidhani kama kuna aliyetoa pesa zake kwa ajili ya kumbukumbu ya mashine. Mto huo unanukia kusini mwa Marekani, hasa Mississippi, na hata jina la kampuni yao, The Molasses Flood, bila shaka limetokana na mafuriko makuu ya Mississippi ya mwaka 1927.

#6 BintiWaKaratina
Mwalimu, hapo pa jina umepotoka. The Molasses Flood ni studio ya Boston, na jina lake limetokana na mkasa wa Boston yenyewe: tarehe 15 Januari 1919 tangi kubwa la molasi lilipasuka, wimbi la molasi likafagia mitaa ya kaskazini mwa mji na kuua watu 21. Mississippi haikuhusika. Wale ni watu waliokuwa wamefanya kazi katika studio kubwa. Scott Sinclair aliyeongoza uchoraji wa mchezo huu ndiye aliyeongoza uchoraji wa mchezo wa BioShock. Mtu aliyewahi kuchora mji unaozama chini ya bahari hashangazi akichora nchi inayozama chini ya mto.

#7 MwalimuWaJiografia
Ahsante, Binti, nimepokea. Hata hivyo Mississippi siiachi. Mafuriko ya 1927 yalifunika takribani kilomita za mraba 70,000 na kuwahamisha watu zaidi ya laki sita, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kudhibiti mafuriko. Nchi yenye historia hiyo haihitaji vita vya nyuklia ili kuwaza mwisho wa dunia. Inatosha kingo za udongo zibomoke. Angalieni pia kwamba mchezo haukwambii sababu ya maji hayo. Unayakuta tu, nyumba zimeinama, magari yamejaa kutu.

#8 SaganaJuu
Nimewahi kuongoza boti za mpira za watalii huko Sagana, kwenye Tana ya juu, na nimeucheza mchezo huu kwa jicho la kazi hiyo. Sehemu moja wameipatia kabisa: ukitaka kufika ukingoni lazima uanze kuvuka mapema. Mtu mgeni na mto huelekeza pua ya chombo moja kwa moja kwenye gati, na maji yanampitisha huku akilitazama. Mzoefu hulenga juu zaidi, kwa mshazari, anapiga kafi huku mkondo ukimsukuma kando, naye anashuka taratibu hadi anapopataka.

Lakini kuna jambo wameliacha, nami nadhani ndilo jibu la swali la #1. Nyuma ya kila mwamba mkubwa mtoni kuna maji yanayojizungusha na kurudi juu. Hapo ndipo tunapopumzika, tunapohesabu watu, tunapomsubiri aliyeanguka. Mto wa kweli umejaa vyumba vya kupumzikia. Katika mchezo, mwamba ni kitu cha kukuvunjia chelezo na basi. Waliondoa maji ya kupumzika wakabakiza maji ya kusukuma. Kwa hiyo anayekufukuza ni mto wenyewe, hata kabla hujasikia njaa.

#9 MchezajiWaKayole
Kaka Sagana, gati si chumba cha kupumzikia?

#10 SaganaJuu
Gati ni kituo cha matatu. Ukilipita, dereva harudi nyuma kwa ajili yako.

#11 MuuguziWaUsiku
Habari zenu. Niruhusuni niseme kidogo juu ya mwili, maana ndugu Kafi ameshangaa kasi ya njaa na hakuna aliyemjibu. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi majuma kadhaa bila chakula ikiwa ana maji. Bila maji, ni siku chache tu. Akilowa na kupigwa na upepo wa baridi, ni saa chache. Basi utaratibu wa hatari kwa Scout ungepaswa kuwa baridi kwanza, kiu baadaye, njaa mwisho kabisa. Waundaji wameviweka vipimo vinne, yaani njaa, kiu, joto na uchovu, vikikimbizana karibu kwa mwendo mmoja, na hilo hakuna mwili unaolikubali. Sidhani kama ni kosa. Nadhani walitaka kila kisiwa kiwe na sababu zaidi ya moja ya kukufanya ushuke, na sababu zaidi ya moja ya kukufanya uondoke.

Upande wa tiba wamechanganya mambo. Jeraha la mbwa mwitu lisipohudumiwa huingia uchafu na kuua. Hilo ni kweli kabisa, na ndicho kitu cha kwanza ninachokihofia kwa mtu aliyetembea ndani ya maji ya mafuriko akiwa na mchubuko mguuni. Kuumwa na nyoka kisha ukanywa chai ya mmea ukapona, hapana. Tafadhali asiyajaribu mtu haya. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitalini. Na maji ya mafuriko, hata ukiyachemsha, kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi mafuta ya magari wala kemikali.

#12 FundiLuthuli
Dada Muuguzi, tukifuata mwili wa kweli Scout angekufa kwa mvua ya kwanza, nasi tungedai kurudishiwa pesa zetu.

#13 MuuguziWaUsiku
Angekufa, ndiyo. Lakini angekufa ameshiba.

#14 MlaEmbeWaTana
Nimesoma yote nikaona kila mtu anayachukulia mafuriko kama adui. Mimi ni mzaliwa wa Tana ya chini, ninafanya kazi Nairobi, na mchezo huu ulinishangaza kwa sababu nyingine kabisa. Kwetu mafuriko yana ratiba yake: mara moja kati ya Aprili na Juni, mara nyingine Novemba na Desemba. Maji hupanda yakalowesha ardhi, na yakishuka watu hupanda mpunga kwenye tope lililoachwa. Miembe hunywa hapo hapo, na samaki huzaliana katika mabwawa yanayobaki nyuma. Tangu mabwawa ya umeme yajengwe juu ya mto, Kindaruma mwaka 1968 na Masinga mwaka 1981 pamoja na mengine, malalamiko ya wazee wengi ni kwamba maji hayaji kwa wakati wake. Kisha mwaka mwingine yanakuja yote kwa pamoja na kubomoa.

Sasa mtazameni Scout. Anaokota mahindi kila siku, lakini hajui kuweka hata punje moja ardhini! Anapita juu ya tope jeusi la mto, ardhi ambayo kwetu ingegombewa, huku akilia njaa. Jibu langu kwa ndugu Kafi ni kwamba hafukuzwi na mtu. Anaondoka kwa sababu waliomuumba hawakumpa jembe. Mtu wa kuokota daima atahama, na mtu wa kupanda atasubiri.

#15 MshonaMsimbo
Hoja nzuri, ila mpunga huchukua miezi, na siku nzima ya Scout huisha kabla chai yako haijapoa. Mkulima ndani ya mchezo huu angezikwa kabla ya palizi ya kwanza.

#16 MlaEmbeWaTana
Wangeweza kumpa mihogo iliyokwisha kukomaa shambani. Mafuriko hayang'oi kila kitu.

#17 MkaaziWaMathare
Nitaandika kwa ufupi kwa sababu jambo hili liko karibu nami. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipotukuta, wengi walihamia shuleni na makanisani, na baadaye Serikali ikaamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto. Majirani zangu wengi walirudi karibu na pale pale. Kazi iko hapo, shule ya watoto iko hapo, na anayekudai na unayemdai wako hapo. Nilipoucheza mchezo huu baadaye, jambo lililonisumbua ni wepesi wa Scout kuondoka. Njaa haikunishughulisha sana. Anafungua kamba ya chelezo kama mtu asiye na deni wala shangazi. Kwa maoni yangu njaa imewekwa badala ya watu. Mahali penye jamaa hapahitaji kipimo cha njaa ili kumfanya mtu afanye maamuzi magumu.

#18 KafiLaKushoto
Pole sana kwa yaliyowapata, ndugu Mkaazi. Hoja yako imenigusa kuliko zote kufikia sasa, ingawa lazima niseme kwamba mchezo haukosi watu kabisa. Wapo wachache wa ajabu wanaoibuka kandokando ya mto, wengine wa kuzungumza nawe, wengine wa kukuogopesha. Kwa nini basi hakuna hata mmoja anayesema "kaa nasi"?

#19 BintiWaKaratina
Kwa sababu hadithi si ya Scout, ni ya mbwa. Kumbukeni jinsi mchezo unavyoanza: mbwa yuko karibu na mifupa ya mtu aliyekufa, anauchukua mkoba wa marehemu na kumpelekea Scout, na ndani ya mkoba mna redio yenye mawimbi yanayotoka mbali. Kwa maneno mengine, kulikuwa na msafiri mwingine kabla ya Scout, mbwa alikuwa wake, na safari ilikuwa tayari imeshaanza. Sasa nendeni kwenye ule mtindo wa kucheza usio na mwisho. Ukifa, vitu ulivyoviweka katika mkoba wa mbwa vinakungoja utakapoanza upya. Binadamu hubadilika, mbwa na mkoba hubaki. Nyoka na mbwa mwitu hawamuui yeye. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza kwa nini Scout haruhusiwi kukaa. Yeye ni abiria tu katika safari ya mbwa anayetafuta chanzo cha ile redio.

#20 FundiLuthuli
Basi ndiyo maana mkoba wa mbwa ninautunza kuliko wangu! Miye huweka humo bandeji, mtego na kamba, na kila anayekuja baada yangu ananishukuru, ingawa anayekuja ni mimi mwenyewe.

#21 MwalimuWaJiografia
Binti, nadharia yako inapendeza lakini mbwa huchaguliwa. Mwanzoni mchezo hukupa nafasi ya kumchukua Aesop au Daisy. Msimulizi hawezi kuwa yeyote atakayependeza mchezaji.

#22 BintiWaKaratina
Mwalimu, hata abiria huchagua matatu, na dereva anabaki kuwa dereva.

#23 MpendaGitaa
Mmesahau masikio. Ukiwa kisiwani unasikia wadudu, upepo, kubweka kwa mbwa na hatua zako. Unaposukuma chelezo na kuingia kwenye mkondo, ndipo nyimbo za Chuck Ragan zinapoanza, kwa gitaa na ile sauti yake ya kukwaruza. Mara nyingi nimeondoka kisiwani nikiwa bado na vichaka vya kuvuna, kwa hamu tu ya kusikia wimbo unaofuata. Waundaji wameweka mateso nchi kavu na starehe majini, ingawa majini ndiko unakoweza kupoteza kila kitu kwa mwamba mmoja. Nyinyi mnazungumzia kusukumwa. Mimi ninasema tunavutwa.

#24 MchezajiWaKayole
Hili la #23 ni kweli, na linaharibu hoja yangu ya injini kwa kiasi fulani. Lakini niambie, ndugu Gitaa: ukiwa na njaa kali na wimbo unapigwa, unausikia?

#25 MpendaGitaa
Nausikia hadi nguruwe mwitu anivunje mguu. Hapo ninasikia nguruwe.

#26 PacheWaKasarani
Samahani kwa kuingia nimechelewa. Mchezo huu si ulitoka mwaka 2017? Mbona mnaandika kana kwamba ni wa kale zaidi?

#27 MshonaMsimbo
Ulitoka tarehe 24 Februari 2016 kwa kompyuta na Xbox One. Mwaka 2017 ulifika PlayStation 4 mwezi wa Januari, na Nintendo Switch mwezi wa Oktoba. Studio yenyewe ilinunuliwa na CD Projekt ya Poland mwaka 2021.

#28 PacheWaKasarani
Ahsante. Sasa nitoe ushahidi wangu, kwa sababu ninyi mnabishana na mimi nimejaribu. Katika mtindo usio na mwisho niliamua kukaa kisiwa kimoja. Nilichagua chenye makao ya kulala, moto na sungura, nikatega mitego pande zote. Siku za mwanzo nilishiba kabisa, hata nikaanza kuwadharau wanaolalamika. Kisha vichaka vikaisha, na nilichokichuma hakikuota tena. Sungura wakaadimika. Kamba za mitego zikakosa majani ya kusokotea. Nilikuwa na mkoba wenye nafasi tele, ndugu Fundi, wala sikuwa na cha kuweka ndani yake. Kwa hiyo mimi nasema si mkoba, si mkondo, si wimbo. Kisiwa kimewekewa kiasi, kikiisha kimeisha.

#29 FundiLuthuli
Ulipofika kwa mara ya kwanza, mkoba ulikuwa umejaa?

#30 PacheWaKasarani
Ulikuwa umejaa. Niliacha mahindi mengi ufukoni.

#31 FundiLuthuli
Basi ungekuwa na ghala ungeyala hayo mahindi hadi leo.

#32 MlaEmbeWaTana
Na angekuwa na jembe angeyapanda.

#33 SaganaJuu
Na angekuwa na maji ya kupumzika nyuma ya mwamba, angevuka hadi kisiwa cha ng'ambo kuchuma majani ya kamba, kisha akarudi. Kisiwa kimoja hakitoshi popote duniani. Wavuvi wa Ziwa Viktoria huishi kwenye visiwa vidogo sana, na wanaishi kwa sababu boti huenda na kurudi.

#34 KafiLaKushoto
Ninawashukuru nyote. Jaribio la Pache linaniegemea kidogo, kwa kuwa kisiwa kinachokwisha ni kisiwa kinachofukuza, lakini nakiri kwamba bado sijamjibu dada Muuguzi: kama kisiwa kingeisha chenyewe, njaa haikuhitaji kwenda mbio namna ile. Mojawapo lingetosha. Mwenye subira na awashe mtindo usio na mwisho, achague kisiwa chenye gati zuri, asichume chochote isipokuwa anachokula siku hiyo, kisha atuambie vichaka vilidumu hadi lini.

#35 MchezajiWaKayole
Nitajaribu mwisho wa wiki hii, tokeni za umeme zikiruhusu. Nani anajua eneo ambalo halina dubu?

#36 MpendaGitaa
Uliza kwanza lisilo na nguruwe.